Nilipigiwa simu, kisha nikaandikiwa pingamizi limekataliwa. Je, huko ndiko kusikilizwa?

BARUA

Ndugu washauri, salaam.

Nina kampuni ndogo ya kuuza saruji, nondo, mabati na rangi. Ofisi ya kodi ilikagua hesabu zetu za mwaka mmoja. Wakaguzi walichukua taarifa za benki za akaunti tatu, moja ya kampuni na mbili za kwangu binafsi, wakajumlisha kila kilichoingia na kupata Sh 412,000,000. Mauzo tuliyotangaza kwenye ritani ni Sh 298,000,000. Tofauti ya Sh 114,000,000 wakaiita mauzo yaliyofichwa. Tarehe 20 Januari nikapokea makadirio mawili: VAT Sh 20,520,000 na kodi ya mapato Sh 34,200,000, bila kuhesabu riba na adhabu.

Fedha hizo nazijua zilikotoka. Sh 40,000,000 ni mkopo wa benki. Sh 38,000,000 ni floti ya uwakala wa fedha kwa simu, ninaofanya kwenye kona ya duka. Sh 18,000,000 zilitumwa na kaka yangu aliyeko Oman, namsimamia ujenzi wa nyumba yake. Sh 12,000,000 ni za VICOBA, mimi ndiye mweka hazina. Zilizobaki, Sh 6,000,000, ni mauzo kweli. Mashine ya EFD iliharibika wiki ile na sikuyaingiza baadaye. Hilo nakiri.

Niliweka pingamizi tarehe 12 Februari, nikalipa theluthi moja ya kila makadirio tarehe 17, risiti ninazo. Baada ya hapo kimya. Mwezi wa tano nikapigiwa simu nifike ofisini. Nilikaa na ofisa kama dakika 20, akaniuliza kuhusu floti na VICOBA, nikamweleza, akaniambia niende tu. Hakuna kilichoandikwa. Tarehe 9 Juni nikasaini kwenye dispachi barua ya tarehe 2 Juni inayosema: maelezo na vielelezo vyangu vimepitiwa na havikuridhisha, makadirio yanabaki kama yalivyo. Sentensi moja tu.

Mhasibu wangu anasema nimeshasikilizwa, nilipe. Shemeji anasema niende Mahakama Kuu. Wengine wananiambia nitafute mkubwa wa kuzungumza naye. Leo ni tarehe 20 Juni. Nimesikilizwa au sijasikilizwa? Na nifanye nini?

Dada wa vifaa vya ujenzi, Nyanda za Juu Kusini

JIBU

Dada yetu, pole kwa kusumbuka, na ahsante kwa kuandika na tarehe zote. Tarehe ndizo zitakazokuokoa, kwa hiyo tuanze nazo.

Barua uliyoipokea tarehe 9 Juni ndiyo uamuzi wa mwisho wa pingamizi. Ukiisaini tu, hesabu mbili za siku zinaanza kwenda kwa pamoja chini ya Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408. Ya kwanza ni siku 30 za kuwasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Kodi. Ya pili ni siku 45 za kuwasilisha rufani yenyewe. Watu wengi huangukia hapa: wanapeleka taarifa siku ya 28, kisha wanaanza kuhesabu 45 kuanzia siku hiyo. Hapana. Zote mbili zinaanza siku uliyokabidhiwa uamuzi. Siku ya kupokea haihesabiwi, hivyo kwako ya 30 ni tarehe 9 Julai na ya 45 ni tarehe 24 Julai. Sabasaba iko katikati, na sikukuu ya katikati haisimamishi hesabu. Umetuandikia siku ya 11. Taarifa imebakiza siku 19.

Ushauri wetu ni uhesabu kwa tarehe ya barua, 2 Juni, siyo ya kupokea. Yaani taarifa iwe imefika kabla ya tarehe 2 Julai na rufani kabla ya tarehe 17 Julai. Kisheria unayo haki ya kuhesabu kuanzia siku ya kupokea, lakini ukifanya hivyo unajipa mzigo wa kuthibitisha siku hiyo, na ukurasa wa dispachi uliosaini uko mezani kwao, hauko kwako. Bahasha ya barua itunze, na kama uamuzi huo ulitumwa pia kwa barua pepe au kwenye akaunti yako ya mlipakodi mtandaoni, angalia uliingia lini. Tumeona rufani nzuri zikitupwa nje kwa sababu ya siku mbili, na hakuna aliyefungua hata ukurasa wa kwanza wa vielelezo.

Sasa swali lako lenyewe.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(a), inasema haki na wajibu wa mtu vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine, mtu huyo atakuwa na "haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu", pamoja na haki ya kukata rufani. Yazingatie maneno "chombo kinginecho". Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) anapoamua pingamizi lako anaamua wajibu wako, na yumo. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts and Transport Limited la mwaka 2003 kwamba haki ya kusikilizwa nchini kwetu siyo tena kanuni tu tuliyoirithi kutoka sheria za Kiingereza, ni haki ya kikatiba. Na kwenye Maombi ya Madai Na. 33 ya 2002 ilikwenda mbali zaidi: uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza mhusika unabatilishwa hata kama angesikilizwa na uamuzi ukawa uleule. Jibu la "hata ungeeleza isingebadilisha kitu" halikubaliki.

Lakini kusikilizwa kwenye kodi hakufanani na kusimama kizimbani, na hapo ndipo mhasibu wako anapochanganya. Kwenye hatua ya pingamizi, kusikilizwa ni kwa maandishi, na kuna umbo lake. Ukifungua Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015, Sura ya 438, kifungu cha 51 kinahusu kuweka pingamizi na cha 52 kinahusu kuliamua. (Ukitumia toleo la sheria zilizofanyiwa urekebu hivi karibuni, hakiki namba za vifungu kabla ya kuzinukuu.) Kifungu cha 52 kinamtaka Kamishna Mkuu, akiona hakubaliani na pingamizi lako, lote au sehemu, akupelekee kwanza taarifa ya kile anachokusudia kufanya, pamoja na sababu zake. Ukishaipokea unazo siku 30 za kumjibu kwa maandishi. Baada ya majibu yako, au siku hizo zikipita bila wewe kujibu, ndipo anatoa uamuzi wa mwisho.

Hiyo barua ya kusudio ndiyo moyo wa haki yako. Bila hiyo, unajitetea gizani. Wewe ulisema Sh 38,000,000 ni floti. Ofisi ikiwa na shaka, ilipaswa kukuandikia, kwa mfano, kwamba namba ya wakala haisomeki kwenye taarifa ya benki, au kwamba miamala ya tarehe fulani hailingani na ya kampuni ya simu. Ungeijua shaka yao, ungeleta karatasi inayoiondoa. Sasa unaambiwa "havikuridhisha", na huwezi kujua kama kilichokosekana ni saini, tarehe, au hawakukuamini kabisa. Kwa maelezo uliyotupa, barua hiyo hukuipata. Kabla hujaiandika hoja hii popote, fanya uchunguzi wa kweli: pekua barua pepe pamoja na folda ya taka, ingia kwenye akaunti ya mlipakodi, muulize mhasibu kama kuna bahasha aliyoipokea yeye kwa anwani yake. Mara kadhaa barua ya kusudio huwa ilipelekwa kwa mshauri wa zamani ambaye jina lake halijaondolewa kwenye usajili. Ikipatikana huko na siku 30 zikawa zimepita, hoja yako inabadilika sana, na ni heri uligundue hilo wewe kabla ya kulisikia kwa wakili wa upande wa pili.

Zile dakika 20 ofisini hazichukui nafasi ya barua hiyo. Sheria inataka taarifa yenye sababu na majibu ya maandishi. Mazungumzo yasiyo na muhtasari hayathibitishi kwamba uliambiwa sababu gani wala ulijibu nini. Hata hivyo yatatumika dhidi yako: utasikia kwamba "mlipakodi aliitwa na kusikilizwa". Kwa hiyo andika leo, ukiwa bado unakumbuka, maelezo ya kikao kile: tarehe, saa, nani alikuwepo kwa cheo chake, maswali mawili matatu uliyoulizwa, karatasi ulizobeba na kama zilipokelewa. Tunza na kumbukumbu ya simu iliyokuita. Siku nyingine ukiitwa hivyo, jioni yake peleka barua ya nusu ukurasa: "Rejea kikao chetu cha leo, niliulizwa hili, nikajibu hili, nikakabidhi nakala za hivi," igongwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Karatasi hiyo ndogo huwa na uzito kuliko saa nzima ya maelezo ya mdomo miaka miwili baadaye.

Basi sababu ya kwanza kwenye rufani yako inaweza kuandikwa hivi:

*"Kwamba Mjibu Rufani alikosea kisheria kutoa uamuzi wa mwisho wa pingamizi wa tarehe 2 Juni bila kwanza kumpa Mrufani taarifa ya kusudio la kukataa pingamizi na sababu zake, na bila kumpa fursa ya kujibu kwa maandishi, kinyume na kifungu cha 52 cha Sheria ya Usimamizi wa Kodi na ibara ya 13(6)(a) ya Katiba."*

Ya pili iwe juu ya uamuzi usio na sababu, kwa kunukuu sentensi yenyewe neno kwa neno.

Usiishie hapo, dada. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu tunaliona kila mara: mtu anashinda kwa hoja ya kutosikilizwa, uamuzi unafutwa, jalada linarudi kwa Kamishna Mkuu, anaandikiwa barua ya kusudio iliyokamilika safari hii, na kwa kuwa hakuandaa hesabu zake, anakataliwa upya kwa utaratibu uliokamilika. Wakati huo riba inaendelea kuhesabika kwa kodi itakayobaki. Kutosikilizwa kunafuta uamuzi. Kinachofuta kodi ni vielelezo, na kifungu cha 18 cha Sura ya 408 kinakubebesha wewe jukumu la kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi au yana makosa. Siyo wao wathibitishe kwamba ni mauzo. Ni wewe uthibitishe kwamba siyo.

Kwa hiyo chukua taarifa za akaunti zote tatu, uandae jedwali moja. Kila mstari uwe muamala mmoja ulioingia: tarehe, akaunti, kiasi, ulikotoka, kielelezo namba ngapi. Usiandike "floti, 38,000,000" kwa mstari mmoja. Huo ndio uzembe unaozaa neno "havikuridhisha".

Mkopo ndio mwepesi kuliko vyote: mkataba, barua ya benki ya kuidhinisha, na mstari wa siku fedha zilipoingia. Linganisha kiasi. Benki nyingi hukata ada na bima kabla ya kuachia, hivyo mkataba unaweza kusema kiasi kikubwa kuliko kilichoingia, na ofisa asiyeelezwa ataona kiasi hakilingani.

Floti ndiyo itakayokupa kazi. Omba kampuni ya simu taarifa ya namba yako ya uwakala kwa mwaka mzima, kisha oanisha: wateja wanatoa fedha, floti inajaa na keshi inaisha, unauza floti, fedha inarudi benki, kesho yake inatoka tena. Fedha ileile ya Sh 1,500,000 inaweza kuingia benki mara ishirini kwa mwaka na mkaguzi akaihesabu Sh 30,000,000. Onyesha mzunguko huo kwa wiki mbili kamili, kuingia na kutoka, kisha weka jedwali la mwaka. Na hapa tukuambie usilouliza: kamisheni ya uwakala ni mapato. Kama haikuwemo kwenye ritani, ni yako au ya kampuni kutegemea mkataba wa uwakala uko kwa jina la nani, irekebishe mwenyewe sasa. Ukiileta taarifa ya floti, kamisheni itaonekana kwenye ukurasa uleule.

Fedha za kaka: karatasi za miamala kutoka Oman zenye jina lake, barua yake, kiwanja ni cha nani, na matumizi. Matumizi ndiyo yanayoshawishi. Kama Sh 5,000,000 ziliingia Jumatatu na Alhamisi ukamlipa fundi na kununua mbao, ionyeshe. Angalizo: kama saruji ya nyumba hiyo ilitoka dukani kwako, hayo ni mauzo ya kampuni kwa kaka yako na yanapaswa kuwa na risiti ya EFD.

VICOBA: katiba ya kikundi, muhtasari uliokuteua mweka hazina, daftari la michango, na siku ya gawio. Fedha za kikundi kwa kawaida zinatoka zote kwa mkupuo. Mchoro huo wa kuingia kidogo kidogo na kutoka kwa siku moja haufanani na duka la vifaa vya ujenzi, na mtu yeyote anayesoma taarifa ya benki atauona.

Kisha lipo jambo la nafsi. Mlipakodi aliyekadiriwa ni kampuni. Akaunti mbili kati ya tatu ni zako binafsi. Kampuni na wewe ni watu wawili mbele ya sheria, kwa hiyo ofisi ilipaswa kueleza inaunganishaje akaunti ya mkurugenzi na mauzo ya kampuni. Hoja hii ina nguvu kama wateja wa duka hawakuwa wakikulipa kwenye akaunti hizo. Kama walikuwa wakilipa, hata wachache, usiitegemee.

Zile Sh 6,000,000 ulizokiri, zikiri na kwenye rufani. Usizifiche ili uonekane msafi. Mtu anayekubali kosa lake la Sh 6,000,000 huaminika zaidi anapokana Sh 108,000,000.

Halafu angalia hesabu yenyewe, maana hapa kuna kosa ambalo mhasibu wako hakulitaja. Walichukua asilimia 18 ya Sh 114,000,000 wakapata Sh 20,520,000. Lakini fedha iliyoingia benki, kama kweli ni malipo ya mteja, imeshabeba VAT ndani yake. Sheria ya VAT ya 2014 inataka kodi itolewe kutoka ndani ya malipo: 114,000,000 mara 18 gawanya kwa 118, sawa na Sh 17,389,831. Kodi ya mapato nayo waliitoza asilimia 30 ya Sh 114,000,000 nzima, wakati VAT siyo mapato ya kampuni. Ukiitoa, kinachobaki ni Sh 96,610,169, na asilimia 30 yake ni Sh 28,983,051. Ukijumlisha tofauti za kodi hizo mbili na makadirio yao, unapata Sh 8,347,118. Yaani hata kama Bodi isingekubali kielelezo chako hata kimoja, zaidi ya milioni nane zinaondoka kwa kukokotoa vizuri tu. Na kuna gharama ya bidhaa: huwezi kuuza nondo ambayo hukuinunua. Kama manunuzi yanayohusiana na mauzo hayo hayajapunguzwa popote, dai yapunguzwe. Kama yalishaingia kwenye hesabu ulizowasilisha, hoja hiyo iache, maana wataifungua wao na itakuaibisha.

Mfano huu ndio unaoonyesha kwa nini barua ya kusudio siyo urasimu. Ungeandikiwa, kosa la 18 kwa 118 lingeonekana mezani kwa ofisa ndani ya dakika tano, na usingehitaji Bodi kwa hilo.

Kuhusu ushauri wa jamaa zako. Mahakama Kuu siyo njia yako: Sura ya 408 imeipa Bodi mamlaka ya mwanzo, na ya pekee, juu ya migogoro ya madai inayotokana na sheria za kodi zinazosimamiwa na TRA. Ukienda kwingine utarudishwa, na siku zako 45 zitakuwa zimeliwa. Taasisi ya Usuluhishi wa Malalamiko na Taarifa za Kodi ni chombo kizuri kwa malalamiko ya huduma na utaratibu, kama vile kucheleweshewa majibu au kusumbuliwa, lakini kulalamika huko hakusimamishi muda wa rufani. Unaweza kwenda kote kuwili, mradi Bodi iwe ya kwanza. Kutafuta "mkubwa" usijaribu. Haiachi rekodi, na ikiharibika unakosa hata wa kumlalamikia.

Makubaliano ni kitu kingine, na hayo ni halali. Mkishafungua rufani, mnaweza kukaa na upande wa pili, mkapitia jedwali lako mstari kwa mstari na kukubaliana. Yaandikwe, yasainiwe, yawasilishwe Bodini yarekodiwe. Makubaliano ya mdomo huisha siku ofisa anapohamishwa kituo.

Sasa karatasi. Wiki hii: taarifa ya kusudio la kukata rufani, kwa fomu iliyomo kwenye kanuni za Bodi, iwasilishwe masjala ya Bodi na nakala kwa Kamishna Mkuu, yako igongwe mhuri. Usisubiri vielelezo vikamilike kwa hili, fomu haihitaji vielelezo. Rufani yenyewe ibebe sababu ulizozipanga, nakala ya makadirio yote mawili, pingamizi, risiti za theluthi, uamuzi wa tarehe 2 Juni, na vielelezo vilivyopewa namba. Theluthi yako tumeikagua: Sh 6,840,000 kwa VAT na Sh 11,400,000 kwa kodi ya mapato, jumla Sh 18,240,000. Sheria inataka theluthi moja au kiasi cha kodi usichobishania, kipi kikubwa, na kodi ya zile Sh 6,000,000 ni ndogo kuliko hapo, kwa hiyo upo salama. Angalia tu risiti zinasomeka kwa jina na namba ya mlipakodi ya kampuni, siyo yako. Kwa wasomaji wengine: asiyelipa theluthi hiyo wala kuomba apunguziwe au asamehewe kwa sababu za msingi, pingamizi lake halipokelewi, na pingamizi lisilopokelewa halina wa kulisikiliza.

Andika kwa Kiswahili kama ndicho unachokimudu. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza ya utoaji haki. Unaweza kusimama mwenyewe, au kwa wakili au mshauri wa kodi mwenye usajili. Kwa kiasi hiki na hoja ya kikatiba ndani yake, tungependa uwe na mtu, hata kama jedwali utaliandaa wewe, na kwa kweli uliandae wewe. Hakuna anayejua zaidi ile fedha ya Machi ilitoka kwa nani.

Siku ya kusikilizwa nenda na nakala halisi. Vielelezo vinapokelewa kimoja kimoja na upande wa pili una haki ya kupinga. Nakala isiyo na asili yake, au taarifa ya benki iliyochapishwa nyumbani bila mhuri wa benki, hapo ndipo hukwama. Shahidi wa VICOBA awe katibu mwenye daftari mkononi. Na kama Bodi itataka kuamua jambo ambalo hakuna upande uliolizungumzia, omba kwa heshima mpewe nafasi ya kulieleza. Haki ya kusikilizwa inaibana Bodi vilevile, na hilo likitokea bila kuhojiwa inakuwa sababu ya rufani.

Ukishindwa Bodini, unakwenda Baraza la Rufani za Kodi: taarifa ndani ya siku 15 tangu uamuzi, rufani ndani ya siku 30 tangu ukabidhiwe uamuzi na mwenendo wa shauri. Juu ya hapo ni Mahakama ya Rufani, kwa hoja za sheria tu. Hapo hakuna tena kubishania kama Sh 18,000,000 ni za kaka au za duka. Kwa hiyo jambo la fedha na karatasi lazima limalizwe chini.

Na ikitokea muda umekupita, kwa ugonjwa, safari ya nje ya nchi au sababu nyingine ya msingi, Bodi inaweza kukuongezea muda kwa maombi yenye kiapo, ila utatakiwa kueleza kila siku ya ucheleweshaji, siyo kwa jumla. Cheti cha hospitali cha siku tano hakielezi siku kumi na mbili. Wewe hujafika huko. Kesho asubuhi anza na barua ya kuomba taarifa ya floti, kwa kuwa ndiyo huchukua muda mrefu kuliko karatasi nyingine zote, na mchana huohuo jaza fomu ya taarifa ya kusudio la kukata rufani.